ULINZI WA WENGI: Namna ya Kushiriki Katika Ujenzi wa Mfumo wa Kompyuta wa Debian

Mwezi Machi mwaka 2024, mhandisi mmoja wa kompyuta aitwaye Andres Freund alikuwa akipima kasi ya programu aliyokuwa akiishughulikia. Kompyuta aliyoitumia iliendeshwa na mfumo uitwao Debian, katika toleo lake la majaribio. Katika kupima kwake aliona jambo ambalo wengi wangelipuuza: kila palipofanywa jaribio la kuingia katika kompyuta ile kutoka mbali, mtambo ulichelewa kwa kiasi cha nusu sekunde kuliko ilivyokuwa kawaida yake.

Nusu sekunde si kitu. Ni muda wa kupepesa jicho. Lakini Freund hakuridhika, akaanza kufuata nyayo za ucheleweshaji ule hatua kwa hatua, mpaka akafika alipokuwa hakutazamia. Ndani ya programu ndogo iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, palikuwa pamefichwa mlango wa siri. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeliweza kuziingia kompyuta zilizowekewa programu hiyo bila kupiga hodi. Tarehe 29 Machi habari hizo zilitangazwa ulimwenguni, na programu mbovu ikaondolewa kabla haijafika katika toleo rasmi la Debian, lile litumiwalo na watu wengi.

Je, mlango ule uliingiaje? Mtu aliyejiita Jia Tan, jina linaloaminika kuwa la bandia, alikuja kama msaidizi. Kwa zaidi ya miaka miwili alileta marekebisho mazuri, akaongea kwa adabu, akazoeleka. Mtunzaji wa programu ile alikuwa mtu mmoja, afanyaye kazi kwa hiari pasipo mshahara, ambaye mwaka 2022 alikwisha kueleza wazi kwamba afya yake ilikuwa imempunguzia uwezo. Sauti nyingine zikamlaumu kwa kuchelewa na kumhimiza akabidhi kazi. Naye akakabidhi sehemu ya funguo kwa yule mtu mmoja aliyejitokeza kusaidia.

Askari ye yote aliyewahi kukaa lindoni ataielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Kilichokosekana pale hakikuwa akili wala elimu. Walikosekana watu. Lindo lenye mlinzi mmoja aliyechoka, asiye na wa kumpokea zamu, ni lindo lililo wazi hata kama lango limefungwa. Na kilichookoa hakikuwa amri kutoka juu, bali jicho la mtu mmoja mwangalifu aliyekuwa na ruhusa ya kuchungulia ndani. Ndiyo sababu yafaa wananchi wa kawaida, pamoja na askari na jamaa zao, waifahamu kazi ya Debian na milango ya kuingilia humo.

CHIMBUKO LAKE

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoitawala kompyuta tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupokea maandishi ya kibodi, kuonyesha madirisha kwenye kioo na kuziamuru programu nyingine zipokezane zamu. Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani huja na mfumo wa kampuni fulani, na maandishi ya ndani ya mfumo huo ni siri ya kampuni. Mnunuzi hupewa ruhusa ya kutumia tu. Hana haki ya kuifungua, kuirekebisha wala kumgawia jirani.

Programu huria zina sharia nyingine. Maandishi yake yako wazi, na leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Mmarekani Richard Stallman alianzisha juhudi hizo mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Kisha tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alitangaza azma ya kukusanya vipande hivyo vyote na kuviunga kwa uangalifu kuwa mfumo mmoja. Aliuita Debian, akiliunganisha jina la Debra, aliyekuja kuwa mke wake, na jina lake mwenyewe.

Murdock alifariki mwaka 2015, lakini kazi haikufa pamoja naye, kwa kuwa haikuwa mali ya mtu mmoja. Tarehe 9 Agosti 2025 lilitolewa toleo la 13, lenye vifurushi vya programu zaidi ya 69,000: za kuandikia barua, kupiga hesabu, kuchora, kusikiliza muziki, kufundishia watoto na kuendeshea mitambo mikubwa. Matoleo hupewa majina ya wanasesere wa filamu ya Toy Story. Hilo la 13 huitwa Trixie, na lile la majaribio ya kudumu huitwa Sid, jina la mtoto mtundu aliyekuwa akivunja vitu vya kuchezea. Jina hilo lenyewe ni onyo la kutosha.

Debian haimilikiwi na kampuni wala serikali yo yote. Mwaka 1997 wajenzi wake waliandika mkataba wao na jamii, wakiahidi kwamba mfumo utabaki huria na kwamba hawataficha hitilafu. Mwaka 1998 wakapitisha katiba. Kila mwaka wanachama humchagua kiongozi kwa kura, na mpiga kura huwapanga wagombea kwa kadiri anavyowapendelea, wa kwanza mpaka wa mwisho. Wanachama wenye haki ya kura wapata kama elfu moja, nao wametawanyika duniani kote.

Kwa watu wa sehemu zetu hizi jambo hilo si geni. Wakenya waliliita harambee, Waganda bulungi bwansi, Wanyarwanda umuganda, na huko Zaire ya zamani liliitwa salongo. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayelazimishwa kwenda na jembe. Kila mtu hushika kazi kwa hiari, na hupimwa kwa kazi aliyoimaliza.

MLANGO WA KWANZA: TAARIFA ILIYO SAHIHI

Wengi hudhani kwamba mtu asiyejua kuandika programu hana nafasi katika kazi ya namna hii. Dhana hiyo haina msingi. Mlango wa kwanza ni wa mtumiaji anayeona kasoro na kuitolea taarifa. Ndani ya Debian imo programu iitwayo reportbug, ambayo humwuliza mtumiaji maswali, huandika yenyewe namba ya toleo, na hupeleka taarifa kwa barua pepe. Kila taarifa hupewa namba yake. Mwaka 2021 hesabu hiyo ilifika 1,000,000.

Polisi aliyefundishwa kuandika katika daftari la matukio anao tayari ujuzi unaotakiwa hapa. Taarifa njema haisemi “kompyuta imekataa.” Inasema: nilikuwa nikifanya hivi, nilitazamia kuona hili, badala yake nikaona lile, nilirudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Kwanza mtumaji huangalia kama kasoro hiyo imekwisha kutajwa na mwingine, asije akawasumbua watu kwa jambo lile lile. Kisha hueleza alichokiona, bila matusi wala makisio. Nusu sekunde ya Freund isingekuwa na maana kama hangaliipima na kuieleza kwa utaratibu.

MLANGO WA PILI: LUGHA

Mlango wa pili ni wa tafsiri na maandishi ya maelezo. Kwa wasemaji wa Kiswahili mlango huu una njia iliyokwisha kufyekwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria. Watafsiri hawakuhitaji kuipigia magoti kampuni yo yote.

Kazi hiyo si ya kubahatisha. Chukua neno “futa.” Kwa mtu mmoja maana yake ni kuondoa faili lisionekane tena, kwa mwingine, kufuta ni kuvunja azimio, kama vile mkutano unavyofutwa. Kitufe kilichoandikwa “Futa” kinaweza kumfanya mtu apoteze barua aliyoiandika saa mbili, naye alidhani anaghairi tu. Kwa hiyo watafsiri waangalifu hutenga “futa” kwa kuondoa na “ghairi” kwa kuacha jambo. Tena, Kiswahili cha Mombasa, cha Kampala na cha Bunia havilingani katika kila neno. Mama aliyelelewa kambini, akasikia Kiswahili cha watu wa mataifa kadhaa, ana sikio ambalo mwanachuo wa ofisini huenda hana. Atajua ni neno gani litakaloeleweka na wote, na lipi litakalowakwaza nusu ya wasomaji.

MLANGO WA TATU: VIFURUSHI NA YATIMA WAKE

Mlango wa tatu ni wa kutunza kifurushi. Kila programu iliyomo katika Debian ina mtunzaji au kikundi cha watunzaji, wanaoipokea kutoka kwa mtungaji wake, wanaikagua, wanaifungasha kwa kanuni za Debian na kuitibu inapougua. Mtunzaji anapochoka au kupatwa na shughuli nyingine, hutangaza kwamba anahitaji msaada. Asipopatikana wa kumsaidia, akaondoka, kifurushi chake huandikwa katika orodha ya yatima. Naam, ndivyo kinavyoitwa: yatima. Orodha hiyo iko wazi, na ye yote anaweza kuchagua mmoja na kumlea.

Mgeni haruhusiwi kupandisha kazi yake moja kwa moja. Huitayarisha, kisha mwanachama wa zamani huwa mdhamini wake, akaikagua na kuipeleka. Kifurushi huingia kwanza katika toleo la majaribio, na kwa kawaida hukaa siku kadhaa kikiangaliwa, kabla ya kuruhusiwa kusogea mbele. Akisha kuaminiwa, mgeni huweza kuomba uanachama kamili. Mwanachama lazima amwombee, naye huulizwa maswali juu ya kanuni na maadili. Ufunguo wake wa siri, ambao ndio sahihi yake, kwa kawaida huthibitishwa na watu waliomwona uso kwa uso na kutazama kitambulisho chake. Wajenzi wanapokutana katika mkutano wao mkuu, kama walivyokutana Cape Town mwaka 2016, utawaona wamesimama wakionyeshana pasipoti. Kwa polisi wa kituo cha mpakani hilo ni jambo la kila siku.

Mwaka 2010 wanachama walipiga kura kuwakaribisha pia wasioandika programu, kama vile watafsiri na waandishi wa maelezo, wawe wanachama kamili wenye haki ya kura. Basi asijidharau mtu.

KOSA LA MWEMA

Yapasa isemwe pia kwamba hatari haitoki kwa wabaya peke yao. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja, kwa nia njema kabisa, aliondoa mistari michache katika programu iitwayo OpenSSL, ambayo hutengeneza funguo za siri, kwa kuwa chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia mistari hiyo. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikichanganya bahati ndani ya funguo. Tangu hapo funguo zilizotengenezwa katika Debian, na katika mifumo iliyotokana nayo, zikawa chache mno kiasi cha kuweza kukisiwa: kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, 32,768 tu. Kosa hilo lilikaa karibu miaka miwili mpaka Luciano Bello, mjenzi wa Debian, alipoligundua, na tarehe 13 Mei 2008 likatangazwa hadharani pamoja na dawa yake.

Debian haikulificha. Mkataba wa 1997 uliwakataza. Watu duniani kote waliambiwa wazitupe funguo zao na kutengeneza nyingine, kazi iliyokuwa kubwa na ya aibu. Lakini aibu iliyokiriwa hupona, na iliyofichwa huoza. Funzo kwa anayeingia leo ni kwamba asibadilishe asichokielewa, na aulize hata mara ya pili. Kuuliza si ujinga.

MAANDALIZI NYUMBANI

Familia itakayo kuanza haina budi kwenda kwa mpango. Jeshi la polisi la Ufaransa liitwalo Gendarmerie linatoa mfano mzuri. Halikubadilisha kila kitu kwa siku moja. Mwaka 2005 lilianza na programu huria za ofisi ndani ya mfumo wa zamani, ili askari wazizoee. Mwaka 2008 ndipo lilipoamua kuhamia Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian na kuanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka 2013 kompyuta zake zilizohamishwa zilikuwa kama 37,000, na kufikia mwaka 2024 zilikuwa kama 100,000. Mwendo ulikuwa wa pole, nao ulifika.

Vivyo hivyo nyumbani. Kwanza weka LibreOffice na Firefox katika kompyuta iliyopo, watoto na wazazi wazizoee kwa miezi michache. Pili, nakili picha, barua na vyeti vyote katika diski ya pembeni, kisha uifungue diski hiyo katika kompyuta nyingine na kuhakikisha kwamba yamo. Kusimika mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu, na machozi hayarudishi picha ya harusi. Tatu, tazama umri wa kompyuta. Zile za kale za biti 32 haziwezi kusimikiwa Debian 13, lakini nyingi zilizo na biti 64, hata zikiwa zimekwisha kukaa miaka kumi, zitafaa. Nne, usipoteze fedha kupakua kitu kikubwa kwa simu. Leseni inaruhusu kunakili, kwa hiyo jamaa au mwalimu mwenye mtandao mzuri anaweza kupakua mara moja, mtaa mzima ukanakili kwa flashi. Tano, kabla ya kusimika, washa kompyuta kwa flashi ya majaribio, uone kama sauti, kioo na mtandao vinafanya kazi.

TAHADHARI KWA ASKARI

Mambo mawili yashikwe kwa dhati. La kwanza: kompyuta ya kazini si mali ya mtu. Pasiwe na askari atakayebadilisha mfumo wake bila ruhusa ya mkuu wake, hata kama ana hakika kwamba anaiboresha. Ajifunzie ya nyumbani.

La pili: kazi ya Debian hufanyika hadharani. Taarifa ya hitilafu husomwa na dunia nzima pamoja na anwani ya barua pepe ya aliyeituma, na hubaki hapo miaka mingi. Kwa hiyo mtumaji asitaje kikosi, kituo, cheo wala shughuli za kazi. Kabla ya kuambatanisha picha ya kioo, atazame kama pembeni hakuna barua ya serikali au jina la faili la kazini. Ni vema kutenga anwani moja kwa shughuli hii peke yake.

ZAMU YA KUPOKEZANA

Mtu anayeingia katika kazi hii asitazamie mshahara. Huenda atapata ujuzi utakaomfaa atakapovua sare, na watoto wake watajua kwamba kompyuta ni kitu kinachofunguliwa na kutengenezwa, kama baiskeli. Lakini aje kwa kiasi anachokiweza. Saa moja ya Jumamosi inayotimizwa kila juma ni bora kuliko ahadi kubwa ya mwezi mmoja inayovunjika. Haba na haba hujaza kibaba.

Turudi kwa yule mtunzaji wa xz. Alikuwa mtu mwaminifu, aliyeibeba kwa miaka mingi kazi iliyotumiwa na mamilioni ya watu wasiojua hata jina lake. Alipotangaza kwamba amechoka, wema hawakuja. Aliyekuja ni mwivi, kwa kuwa mwivi ndiye aliyekuwa na subira. Laiti wangalitokea watu watatu tu, mmoja akasoma marekebisho, mmoja akajibu barua, mwingine akapanga taarifa za hitilafu, mgeni yule asingepata pa kupenya.

Kila mlinzi anajua furaha ya kusikia nyayo za mwenzake akija kumpokea saa ya alfajiri. Katika orodha za Debian wapo watunzaji wengi wanaosikiliza nyayo hizo. Anayetaka kwenda aanze na taarifa moja sahihi, neno moja lililotafsiriwa vema, au yatima mmoja aliyelelewa.